Meno, kano au umbo? Sifa ipi ya kuaminiwa unapoainisha kombe za kale za Kaboniferasi na Pemiani

Jiwe lenyewe linaenea kiganjani. Ni bamba jeusi la mwamba wa tope, na juu yake limelala gamba la duara lenye mbavu zinazosambaa kutoka kileleni kama feni, na masikio mawili ubavuni mwa kilele. Kibandiko cha zamani kinasema Aviculopecten. Aliyekiandika aliona mbavu, akaona masikio, akaridhika. Huenda alipatia. Ila kwa mbavu na masikio tu, jiwe hilo lingeweza pia kuitwa Dunbarella, Limipecten, Pterinopecten au Euchondria, na majina hayo hayatoki katika familia moja.

Hapo ndipo kazi ya kuainisha kombe za magamba mawili, ndugu wa kale wa chaza na kome, inapokuwa ngumu. Wataalamu wameacha njia kadhaa za kuzipanga, kila moja ikiegemea kiungo fulani cha mnyama, na njia hizo hazikubaliani kila mara. Hapa nazilinganisha kwa ajili ya kombe za mwisho wa Paleozoiki, yaani Kaboniferasi na Pemiani, tangu takriban miaka milioni 359 hadi milioni 252 iliyopita. Sitajifanya sina upande: kwa kundi lenye masikio kama la jiwe langu, kano, ule mpira wa asili unaofungua magamba, ndiyo shahidi ninayemwamini kwanza. Kwa makundi mengine jibu linabadilika, na mara nyingi mwamba wenyewe umeshakuchagulia kabla hujashika sindano.

Je, ni kombe kweli?

Swali hili linachukua dakika moja, lakini ukiliruka utajuta. Bahari za Paleozoiki zilijaa brakiopodi, nao wana magamba mawili vilevile. Kwa kawaida, brakiopodi ukimkata katikati ya kila gamba, kushoto na kulia hulingana. Kombe hulingana gamba kwa gamba, na gamba moja likitazamwa peke yake huwa halina ulinganifu. Kombe za kundi la masikio huivuruga kanuni hii kidogo, kwa kuwa gamba la kulia huwa bapa kuliko la kushoto na duara lake hukaribia ulinganifu. Tafuta basi upenyo mdogo chini ya sikio la mbele la gamba la kulia, pale nyuzi za kujishikiza zilipotokea. Brakiopodi hana kitu hicho.

Mtego mwingine ni Conocardium. Kwa zaidi ya karne moja alihesabiwa miongoni mwa kombe, hadi mwaka 1972 Pojeta, Runnegar, Morris na Newell walipomtenga na wenzake katika ngeli mpya (daraja la juu la uainishaji), Rostroconchia. Ana pande mbili kama kombe, lakini hana bawaba inayofunguka: tabaka za gamba zinavuka mgongoni bila kukatika. Ukiona mgongo usiokatika, weka jiwe hilo kwenye droo nyingine.

Umbo na urembo wa nje

Hii ndiyo njia ya wote, kwa sababu umbo huonekana hata pale ambapo kila kitu kingine kimekufa. Na isidharauliwe. Kwenye miamba ya makaa ya mawe ya Uingereza, Davies na Trueman walipanga mwaka 1927 mfuatano wa kanda kwa kutumia kombe za maji yasiyo ya bahari: Carbonicola, Naiadites na jamaa zao. Kanda kama communis, modiolaris na similis-pulchra zilipewa majina ya spishi, na wachimbaji wa makaa wakazitumia kujua wako kwenye tabaka gani. Kazi hiyo ilifanyika hasa kwa umbo: urefu, kimo, umbali wa kilele kutoka ukingo wa mbele.

Lakini angalia Trueman alivyoitumia. Hakuchukua kombe moja akaipa jina. Alichukua mkusanyiko mzima wa tabaka moja, akaupima, na akaona kwamba maumbo yanaenda hatua kwa hatua, umbo hili likiingia ndani ya lile. Majina mengi ya spishi yaliyokuwa yametolewa yalikuwa vituo tu njiani. Kwa hiyo umbo ni zuri kwa kulinganisha mikusanyiko ya tabaka jirani, na ni baya kwa kuamua ukoo wa kisukuku kimoja kilichookotwa peke yake.

Ubaya wake una sababu mbili. Ya kwanza ni kubanwa: tope linapogeuka mwamba, gamba lililokuwa na tumbo huwa bapa, na milima inapojikunja huvutwa upande. Kombe fupi hurefuka bila kosa lake. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Maisha ya namna moja huzaa umbo la namna moja. Myalina wa Kaboniferasi ana ncha mbele na mgongo ulionyooka, na ukimweka kando ya kome wa leo Mytilus utadhani ni baba na mwana. Naiadites naye, aliyeishi kwenye maji ya mabwawa ya makaa, amelifuata umbo hilohilo. Steven Stanley alieleza mnamo 1972 kinachotokea: kombe inayojishikiza kwa nyuzi hupunguza sehemu yake ya mbele, na kadiri inavyopungua ndivyo gamba linavyochongoka. Koo tofauti, njia moja. Umbo linakueleza mnyama alivyoishi. Kuhusu wazazi wake linanyamaza.

Kuna sifa moja ya nje ambayo ningeitenga na lawama hizi, nayo ni namna mbavu zinavyoongezeka. Kwa Aviculopecten, mbavu mpya za gamba la kushoto huchipuka katikati ya zile za zamani, ilhali zile za gamba la kulia mara nyingi hugawanyika mara mbili. Hilo ni jambo la ukuaji, na kubanwa hakulifuti. Ila unahitaji kujua kwanza gamba lililo mbele yako ni la upande gani.

Meno ya bawaba

Njia hii ina heshima ya miaka mingi. Melchior Neumayr, mtaalamu wa Vienna, aliipa nguvu katika miaka ya 1880 alipozigawa kombe kwa meno ya bawaba: wenye meno mengi madogo yanayofanana, wenye meno machache yanayotofautiana, wasio na meno ya maana, na kadhalika. Wakati huohuo wataalamu wa wanyama hai, akina Pelseneer, walikuwa wakipanga kombe kwa matamvua. Kwa wanyama hai hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kwa sisi tunaoshika mawe ni kama kuambiwa umtambue mtu kwa sauti yake kwenye picha. Matamvua hayabaki. Meno hubaki.

Na yanapobaki, yanasema kweli kwa baadhi ya makundi. Chukua kombe ndogo zenye safu ya meno madogo kama kitana. Nuculopsis na Palaeoneilo huokotwa katika miamba ya aina moja na kwa nje zinaweza kukuchanganya. Fungua bawaba: kwa Nuculopsis safu ya meno inakatizwa chini ya kilele na kishimo cha kano ya ndani, kwa Palaeoneilo safu inapita moja kwa moja, kwa kuwa kano yake ilikuwa nje. Ubishi umekwisha. Schizodus naye, mwenye gamba laini lisilo na urembo wa kukusaidia, hutambulika kwa jino kubwa la kati la gamba la kushoto lililopasuka, na ndilo lililompa jina. Meno yake hayana mifereji midogo inayoonekana kwa jamaa zake wa Triasiki, kipindi kilichofuata Pemiani, na baadaye. Jamaa hao bado wana mwakilishi hai, Neotrigonia wa pwani za Australia, na uchunguzi wa vinasaba umeuunga mkono ukaribu wake na kome wa mitoni ambao waliokuwa wakitazama magamba walikuwa wameushuku. Meno yalishinda pale.

Kwingine yanashindwa. Wilkingia na Edmondia, wachimbaji wa tope wanaopatikana sana Kaboniferasi, karibu hawana meno kabisa. Ukifuata meno tu utawaweka pamoja wote waliopoteza meno, ingawa meno yalipotea mara nyingi katika koo mbalimbali. Kwa Wilkingia, ushahidi bora uko mahali usipotazamia: chembechembe ndogo zilizopangwa kwa mistari juu ya gamba, ambazo zinamsogeza kwa Anomalodesmata, kundi jingine la kombe. Mwanga wa pembeni na kioo cha kukuza vinatosha kuziona, mradi uso wa gamba haujaoshwa na mvua. Kuhusu Carbonicola, meno yake hutofautiana mno toka kombe hadi kombe, na nisingeyapa kura ya mwisho. Newell na Boyd pia walionyesha mwaka 1975, walipochambua jamaa wa kale wa Trigonia (kombe wa ukoo wa Schizodus na Neotrigonia), kwamba meno yanaweza kufuata mwelekeo uleule katika matawi yanayokwenda sambamba.

Kano

Kano ni mpira wa asili unaosukuma magamba yafunguke misuli inapolegea. Yenyewe huoza, lakini mahali iliposhikilia huacha alama kwenye ukingo wa mgongo, na alama hizo zina mitindo michache iliyo wazi. Ule wa zamani ni wa mifereji inayokwenda sambamba au kupinda kama herufi V iliyogeuzwa, mingi kwa pamoja, kwa sababu kano iliongezwa tabaka baada ya tabaka kadiri mnyama alivyokua. Mwingine ni wa kishimo kimoja cha pembe tatu chini ya kilele, kilichobeba sehemu ya ndani ya kano. Wa tatu una kishimo cha kati pamoja na vishimo vingi vidogo kandokando.

Norman Newell, aliyefanya kazi ya msingi juu ya kombe za Kaboniferasi na Pemiani za Marekani, alitumia tofauti hizi mwishoni mwa miaka ya 1930 kupasua kundi ambalo kila mtu alikuwa akiliita kwa jina moja. Zenye mifereji ya V alizitenga: hao ni Pterinopectinidae, akiwemo Dunbarella. Zenye kishimo kimoja ni Aviculopectinidae. Euchondria, mwenye vishimo vingi, akabaki na njia yake. Kwa nje wote watatu wanaweza kuwa feni zenye masikio.

Kwa nini niiamini kano kuliko mbavu? Kwa sababu ni mtambo. Ukibadilisha namna magamba yanavyofunguka unabadilisha jinsi bawaba nzima inavyokua tangu utotoni, na mabadiliko ya namna hiyo hayatokei kila mnyama anapohamia mchanga mpya. Mbavu zinaweza kunenepa au kupungua ndani ya spishi moja. Sisemi kano haibadiliki: kishimo kilizuka zaidi ya mara moja katika historia ya kombe. Ila ndani ya familia hizi za muda huu, imenidanganya mara chache kuliko kitu kingine chochote.

Tahadhari moja kwa wanaozoea majina ya kisasa. Kombe hizi zenye masikio hufanana na skalopu wa leo, na watu hupenda kuziandika Pectinidae. Thomas Waller aliwafunga Pectinidae wa kweli kwa ktenolia, safu ya vijino vidogo kwenye upenyo wa nyuzi wa gamba la kulia, na hao wanaanza Triasiki. Kwa maana hiyo hakuna skalopu wa kweli kwenye droo ya Pemiani.

Udhaifu wa kano ni kwamba iko ndani na ukingoni. Gamba likilala kifudifudi kwenye jiwe, hutaiona bila kuchimba, na ukingo ule ni mwembamba kama ukucha. Niliwahi kuuvunja ule niliokuwa nautafuta, kwa pupa ya kuona.

Alama za misuli

Hapa nitapita haraka. Misuli miwili sawa, misuli miwili isiyo sawa, au mmoja tu: hilo linakupa kundi kubwa, haliendi mbali zaidi, na kupungua kwa msuli wa mbele kumetokea mara nyingi kwa sababu zilezile zinazochongoa umbo. Mstari wa vazi la mnyama, yaani alama iliyoachwa ndani ya gamba na ngozi laini inayolijenga, unafaa zaidi kwa kombe za Mesozoiki, enzi iliyofuata Paleozoiki, ambapo mkunjo wake unaonyesha mirija mirefu ya kuvutia maji. Wachimbaji wenye mirija ya aina hiyo walikuwa wachache kabla ya hapo. Kwenye ujazo wa ndani (tope lililojaa ndani ya gamba likawa jiwe) uliohifadhiwa vizuri tazama alama hizi, ziandike, kisha endelea.

Muundo wa gamba chini ya hadubini

Gamba la kombe si kitu kimoja; hujengwa kwa kalsaiti na aragonaiti, madini mawili ya chokaa. Kuna tabaka la prizimu za kalsaiti, zilizosimama kama vijiti vilivyofungwa pamoja. Kuna kalsaiti ya majani-majani. Kuna tabaka la lulu, la aragonaiti. Na kuna aragonaiti iliyosukwa kwa vibamba vinavyokatana. Mpangilio huo hufuata ukoo kwa uaminifu wa kushangaza. Myalina ana prizimu nje na lulu ndani.

Mfano mzuri ni wale majitu wa Pemiani, Alatoconchidae. Shikamaia, mwenye gamba linaloweza kufikia mita 1, alipoelezwa mwaka 1968 kutoka mawe ya chokaa ya Akasaka, Japani, alichapishwa kama kitendawili. Hakuna anayeweza kumtoa mnyama huyo mzima kwenye chokaa ngumu. Kinachoonekana ni mikato yake kwenye uso wa mwamba, mabamba marefu yenye mbawa. Umbo hapo lilikuwa linapotosha tu. Tabaka nene la prizimu ni miongoni mwa mambo yaliyosaidia kumsogeza karibu na jamaa za Myalina.

Shida ni aragonaiti. Haivumilii muda mrefu: huyeyuka au hugeuka kalsaiti isiyo na kumbukumbu. Kwa kombe nyingi za umri huu, nusu ya ushahidi imeshapotea kabla hujaweka kipande chini ya lenzi. Zipo bahati chache, mashuhuri ikiwa ile miamba ya lami ya Buckhorn kule Oklahoma, ambapo lami iliziba maji na aragonaiti ya Kaboniferasi ikabaki ilivyo. Kwa mawe ya kawaida, tarajia tabaka la nje tu. Na kama bawaba ilijengwa kwa tabaka la ndani, basi imeondoka nalo. Unaweza kushika gamba zuri kwa macho lisilo na ukingo wa kusomeka. Pia njia hii inadai kukata, kusugua na kuchoma kidogo kwa asidi, jambo ambalo mwenye kielelezo kimoja cha aina yake hapaswi kulifanya.

Jedwali la sifa na kompyuta

Kladistiki haishindani na njia zilizotangulia, inazila zote. Unaorodhesha sifa (kano, meno, misuli, tabaka), unazipa tarakimu, na programu inatafuta mti wa ukoo unaohitaji mabadiliko machache zaidi. Newell alikuwa tayari mwaka 1965 amepanga ngeli nzima kwa kuchanganya sifa badala ya kutegemea moja, ila kwa hukumu ya jicho lake. Uzuri wa jedwali ni kwamba hukumu zinaonekana, na mwingine anaweza kuzibishia moja moja.

Lakini jedwali la kombe za Pemiani huwa limejaa alama za kuuliza, na vinasaba havitufikii. Vinasaba vya kombe hai vimebadilisha mengi: Anomalodesmata, waliokuwa na hadhi ya ngeli ndogo kamili, sasa wanaonekana kuwa tawi ndani ya Heterodonta, kundi kubwa la kombe. Hilo linakwambia Wilkingia aning'inizwe karibu na tawi gani. Halikwambii kama jiwe lako ni Wilkingia. Kwa mtu mwenye droo ya kupanga wiki hii, kladistiki ni ya baadaye. Kwa mwenye kuandika juu ya familia nzima, bila hiyo hataaminiwa.

Basi uchague ipi?

Tazama mwamba kwanza. Kama ni chokaa ambamo magamba yamegeuka silika, kama zile za Pemiani za Texas magharibi na Wyoming, umebarikiwa: asidi inakula chokaa, magamba yanabaki sinia nzima, na bawaba zinasomeka kama zimechongwa jana. Hapo anza na kano na meno, na sahau muundo wa gamba, maana silika imeufuta.

Kama ni jiwe la mchanga lenye chapa tupu, gamba likiwa limeyeyuka, usikate tamaa na usiliite bovu. Mimina mpira wa lateksi kwenye chapa, ukikauka ubandue; utapata bawaba iliyogeuzwa sawasawa kuliko ambavyo sindano ingeweza kuitoa. Ipulizie mvuke mweupe wa kloridi ya amonia kabla ya kupiga picha. Mara nyingi chapa kama hizi zimenifaa kuliko magamba yenyewe.

Kama ni chokaa ngumu isiyo na silika, na una vipande vingi, kata kimoja na utazame matabaka. Kama ni mwamba wa tope uliobanwa, una umbo na mbavu, basi kusanya vielelezo vingi, pima mkusanyiko, na ushuke ngazi: familia badala ya jenasi, jenasi badala ya spishi. Alama ya kuuliza kwenye kibandiko si aibu. Jina kamili lisilo na ushahidi huingia kwenye orodha, orodha huingia kwenye hesabu za nani alivuka maangamizi ya mwisho wa Pemiani na nani hakuvuka, na kosa la droo moja linageuka mnyama aliyefufuka.

Nililirudia lile bamba jeusi jioni mbili. Upande wa pili wa jiwe kulikuwa na chapa ya gamba jingine, lililolala chali, na ukingo wake ulikuwa mzima. Lateksi ilitoka na mifereji minne membamba iliyopinda kama V, hakuna kishimo. Mbavu hazikunisaidia kwenda mbele ya hapo, kwa kuwa sehemu ya chini ya magamba yote mawili imevunjika. Kibandiko kipya kinasema: Pterinopectinidae, Dunbarella? Kile cha zamani nimekiacha chini yake.